Koti Lisilo na Mgongo

Mama Mdogo: Haloo? Nani mwenzangu?

Twiga: (ananong'ona) Shikamoo, mama mdogo.

Mama Mdogo: Nani? Paza sauti. Miwani iko kwenye droo, sioni jina.

Twiga: Ni mimi. Twiga.

Mama Mdogo: Marahaba, mwanangu. Mbona unanong'ona, umelazwa?

Twiga: Sijalazwa. Niko kule kwenye intavyuu.

Mama Mdogo: Umeshaingia?

Twiga: Bado. Niko chooni.

Mama Mdogo: Tumbo?

Twiga: Si tumbo. Mama mdogo, uko peke yako hapo studio?

Mama Mdogo: Nina mteja. Mwalimu mkuu, yule mstaafu, anataka picha nne za pasipoti. Nimeshamkalisha kwenye stuli, taa zinamchoma. Sema upesi.

Twiga: Mwalimu mkuu yupi? Wetu?

Mama Mdogo: Aliyekufundisha hesabu. Anakusalimu.

Twiga: Mpe shikamoo. Usimwambie niko chooni.

Mama Mdogo: Ameshasikia. Simu hii tangu ilipoanguka kwenye ndoo inawasemea watu wote.

Twiga: Shikamoo, mwalimu.

Mama Mdogo: Anasema marahaba, na unawe mikono.

Twiga: Mama mdogo, kwanza kabisa, samahani.

Mama Mdogo: Tumeanza.

Twiga: Samahani sana. Lile koti—

Mama Mdogo: Koti gani?

Twiga: La studio. La kupigia watu picha.

Mama Mdogo: Si liko hapa msumarini, ndiyo nilikuwa naenda kumvi— Twiga.

Twiga: Naam.

Mama Mdogo: Msumarini kuna tai peke yake.

Twiga: Naam.

Mama Mdogo: Na mwalimu amekuja na fulana. Fulana imeandikwa jina la kiwanda cha rangi, kifuani, herufi kubwa. Amekuja hivyo kwa sababu anajua koti lipo. Mtaa mzima unajua koti lipo.

Twiga: Ninalo mimi. Asubuhi nilipokuja kukusaidia kufungua ule mlango wa chuma, ulipoinama kufagia nikalitia kwenye mfuko. Ningelirudisha kabla ya saa sita.

Mama Mdogo: Umeniibia koti huku nafagia.

Twiga: Ningekuomba ungekataa.

Mama Mdogo: Ningekataa.

Twiga: Ndiyo maana.

Mama Mdogo: Una shati jeupe. Jana nimelipiga pasi kwa mikono yangu mwenyewe, mpaka mshipa wa bega ukanivuta. Koti la nini?

Twiga: Ni ile picha. Tangazo lilisema kila barua iambatane na picha. Nikabandika ile uliyonipiga nimevaa hili koti. Leo tumefika watano, tumepangwa kwenye benchi koridoni, sekretari akatoka na mafaili, langu liko juu. Akaitazama picha. Akanitazama mimi. Akaitazama tena picha. Kisha akaniuliza, "Huyu mwenzako hajafika?"

Mama Mdogo: Ukamjibuje?

Twiga: Nikamwambia yuko njiani.

Mama Mdogo: Ee Mungu wangu.

Twiga: Nilikwama! Mdomo ulisema wenyewe. Kwa hiyo nikakimbilia huku chooni, nivae koti, nitoke nimeshakuwa yeye.

Mama Mdogo: Na ukishatoka umekuwa yeye, watauliza yule wa kwanza kaenda wapi.

Twiga: Hilo sikuwa nimelifikia.

Mama Mdogo: Mwalimu anatikisa kichwa. Anasema hata kwenye hesabu ulikuwa unaruka hatua.

Twiga: Na hilo silo tatizo lenyewe, mama mdogo. Tatizo ni kwamba koti halina mgongo.

Mama Mdogo: (mkwaruzo) Halina nini? Unakatika.

Twiga: Mgongo!

Mama Mdogo: Sogea dirishani.

Twiga: Dirisha lenyewe kama bahasha. Haya, nimesogea. Nimesema hivi: nimeingiza mkono wa kulia, sawa. Mkono wa kushoto, sawa. Nikajitazama kwenye kioo, mtu na heshima zake. Nikageuka nichukue faili, naona shati langu lote nyuma. Koti limepasuliwa kutoka chini ya kola mpaka kwenye pindo.

Mama Mdogo: Ndivyo lilivyo.

Twiga: Tangu lini?

Mama Mdogo: Siku nyingi. Hilo ni koti la kazi, Twiga, si la kutembelea. Wateja wanakuja wanene, wanakuja wembamba, koti ni moja. Mnene linaachia kwa nyuma. Mwembamba nakusanya kitambaa, nakibana na vibanio vya nguo. Kamera inaona mbele tu. Huko nyuma ni siri yangu na pazia.

Twiga: Siku ile nilihisi upepo mgongoni. Nikadhani ni feni.

Mama Mdogo: Feni nayo ilikuwepo.

Twiga: Sasa nifanyeje? Namba mbili yuko ndani. Mimi ni namba nne.

Mama Mdogo: Livue, likunje, rudisha mfukoni, ingia na shati lako.

Twiga: Na shati mimi siye yule wa kwenye picha.

Mama Mdogo: Basi ingia hivyo hivyo, watu waone mgongo.

Twiga: Nikiingia kwa upande je? Mgongo niulaze ukutani muda wote.

Mama Mdogo: Na ukiambiwa uketi?

Twiga: Kiti kitanisitiri.

Mama Mdogo: Na ukiambiwa ahsante, unaweza kwenda?

Twiga: Nitatoka kinyumenyume. Wataona nina adabu.

Mama Mdogo: Mwalimu anauliza, mlango wa chumba hicho unafungukia ndani au nje?

Twiga: Ndani.

Mama Mdogo: Anasema basi haiwezekani.

(mlango wa choo unagongwa)

Twiga: Kuna mtu! ... Samahani! ... Ndiyo, bado! ... Samahani sana!

Mama Mdogo: Nani huyo?

Twiga: Namba tano. Amebanwa. Mama mdogo, nisikilize. Hii ni intavyuu ya saba. Saba. Kule kwingine kote waliniambia "tutakupigia".

Mama Mdogo: Na hakuna aliyepiga.

Twiga: Mmoja alipiga. Alikuwa amekosea namba. Nimekaa stoo miaka sita, mama mdogo, mimi na makopo ya gundi, hakuna mtu wa kunitazama, na nilikuwa mzuri sana stoo. Stoo imefungwa. Na kazi hii ni ya mapokezi. Ghorofa nane, na kila anayeingia mlangoni anakutana na uso wako kwanza. Walituma ujumbe kwamba katika barua mia na kitu wamewachagua watano. Unajua walinichagulia nini? Si vyeti. Vyeti vyangu unavijua.

Mama Mdogo: Navijua. Nilivitolea nakala.

Twiga: Walichagua ile picha. Leo nikitoka hapa bila kazi, kesho sijui nitaamka niende wapi.

Mama Mdogo: Nimekusikia, mwanangu.

Twiga: Na sasa nimelivua nalitazama... Mama mdogo.

Mama Mdogo: Sema.

Twiga: Huku si kuchanika. Ni mkasi.

Mama Mdogo: Nimekwambia ni koti la kazi.

Twiga: Umeanza umenyooka, hapa katikati umekwenda mrama, halafu ukanyooka tena.

Mama Mdogo: Mkasi ulikuwa butu.

Twiga: Lakini hili ndilo koti la baba mdogo.

[kimya]

Twiga: Haloo?

Mama Mdogo: Nipo.

Twiga: Tangu nikiwa darasa la tano unatuambia, "Hilo nalitumia kidogo kidogo tu, mwenyewe akirudi safari atalivaa." Mama alinichapa siku niliyolishika na mikono ya mafuta. Eti koti la watu, mwenyewe yuko njiani.

Mama Mdogo: Mtandao unasumbua.

Twiga: Mtandao sasa hivi uko vizuri kabisa. Akirudi atavaa nini?

Mama Mdogo: Mwalimu anaungua, Twiga. Nimemzungushia pazia la bluu nione kama litafanana na koti, anaonekana kama mtu aliyeokolewa kwenye mafuriko. Tuzungumze habari ya intavyuu yako.

Twiga: Haya. Basi niambie kitu kimoja tu. Siku ile ulinifanya nini?

Mama Mdogo: Nilikupiga picha.

Twiga: Picha zangu zote mimi ni mtu wa kuomba radhi. Kitambulisho cha stoo, mlinzi wa getini akikiona alikuwa ananiuliza nani amefariki. Harusi ya dada, nimekunja magoti ili nilingane na wenzangu, naonekana nataka kukaa na kiti hakipo. Sijawahi kujipenda kwenye picha hata moja. Isipokuwa ile. Ile nikiitazama, ningekuwa mimi ndiye mwenye ofisi ningempa yule bwana kazi.

Mama Mdogo: Uko mbele ya kioo?

Twiga: Niko.

Mama Mdogo: Umeinama?

Twiga: Kidogo.

Mama Mdogo: Kwa sababu gani?

Twiga: Kioo kimefungwa chini.

Mama Mdogo: Badala ya kuinama rudi nyuma hatua mbili. Umerudi?

Twiga: Nimefika mlangoni.

Mama Mdogo: Hapo hapo. Sasa fanya kama tulivyofanya siku ile. Kidevu kipeleke mbele, halafu kishushe kidogo. Mbele, si juu. Ukikiinua watu wanaona pua.

Twiga: Mbele... chini...

Mama Mdogo: Mabega yaachie. Ukiyapandisha shingo inapotea, na kwako wewe shingo ndiyo mali. Ulimi uguse juu, ndani ya kinywa. Sasa toa pumzi yote, taratibu. Mtu hupigwa picha pumzi ikiwa imeshatoka. Ikiwa bado iko ndani anatokea kama aliyefumaniwa.

Twiga: Nimetoa.

Mama Mdogo: Geuza uso kidogo, utupe upande wako mzuri.

Twiga: Upi?

Mama Mdogo: Wa kulia. Wa kushoto unafanana na baba yako akiwa anadanganya.

Twiga: Nimegeuza.

Mama Mdogo: Unaona nini?

Twiga: Naona mtu anayezuia chafya.

Mama Mdogo: Mwalimu naye amejaribu hapa. Kwake imekaa vizuri mno. Lakini yeye alikuwa mkuu wa shule.

Twiga: Siyo hayo, mama mdogo. Kidevu nimefanya, ulimi nimefanya. Kuna kitu uliongeza. Nilikuwa na kifua! Nilikuwa na mabega ya mtu anayeombwa ushauri!

Mama Mdogo: Twiga, acha.

Twiga: Niambie.

Mama Mdogo: Vibanio.

Twiga: Nini?

Mama Mdogo: Vibanio vya nguo. Vinne kiunoni, viwili mabegani. Niliona unajikunja kama kawaida yako, nikakaza mpaka usingeweza kuinama hata ungetaka.

Twiga: Kwa hiyo ule haukuwa ujasiri.

Mama Mdogo: Ulikuwa—

Twiga: Ulikuwa vibanio.

Mama Mdogo: Sita.

[bomba linadondosha maji]

Twiga: Haya. Narudi nyumbani.

Mama Mdogo: Unarudi wapi?

Twiga: Nyumbani. Namba tatu ameshaitwa, nasikia viatu vyake, ni viatu vya mtu aliyepata usingizi usiku. Mimi nitapita ngazi za nyuma. Sekretari akiuliza, yule mwenzangu aliyekuwa njiani amepata ajali.

Mama Mdogo: Ngoja. Mwanangu, ngoja. Mwalimu, samahani, zima hiyo taa, swichi iko nyuma yako. Hapana, hiyo ni ya feni. Twiga! Siku ile nilikupiga picha ngapi?

Twiga: Sikumbuki. Nyingi.

Mama Mdogo: Kumi na moja. Kumi una vibanio, na kumi zote ni mbaya. Umesimama wima kama mlingoti na bado unaomba radhi, sijui uliwezaje. Nilizifuta hukuziona. Ya kumi na moja vibanio havikuwepo.

Twiga: Vilikwenda wapi?

Mama Mdogo: Nilikwambia utoe pumzi, wewe ukavuta. Vikafyatuka vyote. Kimoja kilinipita sikioni. Nikainama kuviokota, nikainuka, nikagonga kichwa kwenye taa.

Twiga: Hilo nalikumbuka. Palivimba.

Mama Mdogo: Ukasema nini?

Twiga: Nilikuuliza kama umeumia.

Mama Mdogo: Uliuliza, na uliposimama kuniuliza ulikuwa umeshajisahau. Kidevu, mikono, urefu wako, vyote ulikuwa huna habari navyo. Ulinitazama mimi tu, unatafuta damu. Mimi kamera ilikuwa mkononi. Nikabonyeza. Hiyo ndiyo picha waliyokuchagulia.

Twiga: Unanidanganya ili niingie.

Mama Mdogo: Sikudanganyi.

Twiga: Miaka kumi na saba umetudanganya kuhusu hili koti, mama mdogo. Hili jingine nikuamini kwa lipi?

[mkwaruzo]

Twiga: Haloo? Samahani. Sikupaswa kuse—

Mama Mdogo: Usiniombe radhi. Umeuliza vizuri. La baba mdogo lilikuwa uongo.

Twiga: Kumbe.

Mama Mdogo: Aliniacha, kisha akamtuma mtu. Mzee mmoja dereva wa lori, mstaarabu tu, akabisha hodi akasema, "Nimeagizwa koti, basi." Basi. Hakuniulizia mimi wala nyumba, koti tu. Nikamwambia yule mzee, baba, kapate chai hapo mbele, urudi baada ya nusu saa. Nikachukua mkasi wa kukatia picha.

Twiga: Ukalipasua.

Mama Mdogo: Nikalipasua kwa hasira. Pale katikati nililia, ndipo mkasi ulipokwenda mrama. Dereva aliporudi nikampa ujumbe kwamba koti limepata hitilafu, mwenyewe aje alione. Hajaja. Kesho yake akaingia mteja mnene, mtu ambaye koti lile likiwa zima lisingemfika hata mbavuni. Likamtosha. Nikasema haya, limepata kazi.

Twiga: Na sisi ukatuambia yuko safarini.

Mama Mdogo: Mngejazana hapa kunipa pole. Sikutaka pole, nilikuwa na wateja.

Twiga: Pole, mama mdogo.

Mama Mdogo: Ahsante. Imechelewa kidogo, lakini ahsante. Na mwalimu naye amevua pazia ananipa pole. Ahsante, mwalimu, keti. Sasa Twiga, ule ulikuwa uongo, nimekuambia wewe kabla ya mama yako. Huu wa leo si uongo, na ushahidi unao wewe. Una nakala ya picha kwenye faili?

Twiga: Ninayo.

Mama Mdogo: Itoe. Usitazame uso, uso umeshaukariri. Tazama shingoni. Kola.

Twiga: Kola... imeachana na shati.

Mama Mdogo: Kiasi gani?

Twiga: Kidole kinapita.

Mama Mdogo: Bega la kulia?

Twiga: Limeteremka. Koti linaning'inia kama... kama limeanikwa. Na huku kwenye kifua kuna mkunjo.

Mama Mdogo: Kibanio kimoja tu kingekuwepo, kola ingekaa shingoni na mkunjo usingeuona. Mpiga picha yeyote akiiona hiyo atakuambia koti halijavaliwa vizuri. Ningeitupa. Sikuitupa kwa ajili ya uso.

Twiga: Kila siku naitazama picha hii. Naitazama usiku kabla ya kulala. Hii kola sijawahi kuiona.

Mama Mdogo: Huko ndani watakuwa wangapi?

Twiga: Watatu.

Mama Mdogo: Watazame kama watu watatu waliogonga vichwa. Mtu akikuuliza swali, we mtazame uone anataka nini, basi. Usijitazame wewe. Wewe nimeshakutazama mimi, huna kasoro.

Twiga: Mwalimu anasemaje?

Mama Mdogo: Anasema amewahoji walimu miaka ishirini, na hakumbuki hata koti la mmoja. Anakumbuka viatu.

Twiga: Viatu ni vyangu.

Mama Mdogo: Basi.

Twiga: Mama mdogo, mlango wa chumba cha intavyuu umefunguka, nachungulia. Namba tatu anatoka. Dakika nne tu.

Mama Mdogo: Anaonekanaje?

Twiga: Amevaa koti. Lina mgongo.

Mama Mdogo: Mwache na mgongo wake. Wewe koti lako umelivua?

Twiga: Nimevua. Niingie nalo mkononi? Mfuko nao umechanika.

Mama Mdogo: Hapo nyuma ya mlango hakuna mahali pa kutundika?

Twiga: Pana ndoano.

Mama Mdogo: Litundike.

Twiga: Nilichukue nikitoka?

Mama Mdogo: Ukilikuta lichukue. Usipolikuta usiulize mtu.

Twiga: Una hakika? Na wateja?

Mama Mdogo: Nitatafuta jingine. Hili la leo lisikutie shaka, mwalimu ameigeuza fulana nje ndani. Maandishi hayaonekani. Ana mabega mazuri kuliko koti lenyewe, nilikuwa simjui.

(mlio mfupi kwenye simu)

Twiga: Hilo ni salio linakwisha. Imeshalia mara mbili.

Mama Mdogo: Kata basi, usimalize—

Twiga: Sekretari ananiita. Anasema namba nne, wewe au mwenzako, yeyote aliyefika.

Mama Mdogo: Nenda!

Twiga: Naogopa, mama mdogo.

Mama Mdogo: Najua. Na mimi naogopa. Nenda. Na usikate, tia simu mfukoni, nisikie unaingia.

Twiga: Haya. Haya, ninakwenda. ... Samahani kaka, choo kiko wazi sasa, ingia... (sauti inafifia, kitambaa kinakwaruza)

Mama Mdogo: (kwa mwalimu) Usipumue kwa nguvu, mwalimu. Sisikii.

(hatua, mlango, sauti za watu, hazieleweki)

Twiga: (kwa mbali) Shikamooni. ... Ndiyo, namba nne. ... Hapana, hatuko wawili. Nilisema vibaya kule nje. Nilipoulizwa nilibabaika.

Mama Mdogo: (ananong'ona) Mweleze, mwanangu. Mweleze.

(mtu anauliza kitu, karatasi inageuzwa)

Twiga: (kwa mbali) Ndiyo, nimeiona. ... Ni kweli, haifanani sana na nilivyoingia. ...

(karatasi inawekwa mezani)

Twiga: (kwa mbali) Koti lilikuwa la kuazima. Huyo aliye ndani yake ni mimi.

(mtu anacheka kidogo, kiti kinavutwa)

Twiga: (kwa mbali) Ahsante. Ndiyo, niko tayari, ulizeni tu, nina—

(simu inakatika)

Mama Mdogo: Haloo? ... Haloo? Twiga? ... Salio limekwisha, mwalimu. Lakini umemsikia? Amesema ni yeye. ... Hapana, silii. ... Haya, nalia. Washa hiyo taa nikupige picha.